Matuta Yaliyo Chini ya Mashamba: Jangwa la Kale na Siasa ya Kulaumu

Katika semina moja ya historia ya mazingira niliyoiendesha, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwa uhakika mkubwa: "Dokta, jangwa la Sahara linashuka kusini kila mwaka, na wanaolishusha ni wafugaji wenye mifugo mingi na wakulima wanaokata miti." Nilimwuliza ameyapata wapi maneno hayo. Akajibu kwamba ni jambo linalojulikana. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Sikumjibu. Niliweka ukutani picha ya satelaiti ya eneo la mpakani mwa Niger na Nigeria, nikawataka waniambie wanaona nini. Waliona mistari mingi iliyolala sambamba kama meno ya kitana. Mmoja akasema ni matuta ya shamba. Nilipowaeleza kwamba kati ya mstari mmoja na mwingine waweza kutembea kwa miguu hadi ukachoka, walinyamaza. Walichokiona kilikuwa kweli matuta, ila si ya jembe. Ni matuta ya mchanga yaliyojengwa na upepo wa jangwa maelfu ya miaka iliyopita, na juu yake leo wakulima wanapanda uwele na kunde, na kuweka matuta yao madogo juu ya yale makubwa.

Kwa maneno mengine, jangwa tunaloambiwa linakuja limekwisha kufika huko zamani sana, likakaa, kisha likaondoka. Halikuletwa na mbuzi wa mtu yeyote. Makala haya yanahusu matuta hayo, namna yalivyogunduliwa, na sababu ya historia yake kumhusu kila anayesoma sera za ardhi katika Afrika, awe mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma.

Kilichoonekana kutoka juu

Mtu anayesafiri ardhini katika nyanda za kaskazini mwa Nigeria haoni jangwa la kale. Mwinuko ni wa taratibu mno, mteremko hauchoshi, na majani na miti vimefunika kila kitu. Atakachokitambua ni kwamba gari linakwama kwenye mchanga mahali fulani, na mbele kidogo linakanyaga udongo mzito wa mfinyanzi. Umbo lote linahitaji jicho lililo mbali.

Jicho la kwanza lilikuwa la ndege. Mwaka 1958 mwanajiografia wa Cambridge, A. T. Grove, alichapisha makala kuhusu kile alichokiita bahari ya kale ya mchanga ya nchi ya Wahausa. Kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani na kwa kutembelea maeneo yenyewe, alionyesha kwamba mashamba na malisho ya eneo hilo yamelala juu ya safu za matuta yaliyofungwa na mimea. Mwaka 1968, yeye na Andrew Warren walipanua hoja hiyo hadi ukanda mzima wa kusini mwa Sahara. Matuta yanayohama yanapatikana kwa kawaida pale mvua isipofika takriban milimita 150 kwa mwaka, ilhali matuta haya ya kale yanakutwa mahali ambapo leo mvua ni nyingi kuliko hapo mara kadhaa. Hesabu yake ni kwamba ukingo wa jangwa uliwahi kuwa kati ya kilomita 400 na 500 kusini zaidi ya ulipo sasa.

Jicho la pili lilirushwa tarehe 23 Julai 1972, Marekani ilipotuma satelaiti ya kwanza ya mfululizo uitwao Landsat. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 900, na kila nukta ya picha zake iliwakilisha eneo la mita 80 kwa 80 hivi. Kwa kuhesabu ng'ombe au kutambua nyumba, picha hizo hazikufaa kitu. Kwa kuona matuta yenye urefu wa makumi ya kilomita, zilikuwa zimefika mahali pake. Mwaka 1979 taasisi ya jiolojia ya Marekani ilitoa kitabu kikubwa kilichohaririwa na Edwin McKee, kikichambua bahari za mchanga za dunia nzima kwa msaada wa picha hizo.

Ilibainika kwamba Wahausa hawako peke yao. Katika Kordofan, nchini Sudan, nyanda pana za mchanga mwekundu ziitwazo goz ni matuta yaliyotulia. Huku kusini, mchanga wa Kalahari unatoka karibu na Mto Orange hadi kuvuka Angola na magharibi mwa Zambia na kuingia Kongo. Kaskazini-magharibi mwa Zimbabwe, karibu na Hwange, matuta ya kale yamebeba misitu ya miti ya mbao ngumu. Hata katika nyanda za nyasi za Venezuela na Colombia, zinazofurika maji kila msimu wa mvua, mistari hiyo ipo.

Hapa sharti niseme jambo moja kwa haki ya wenye nchi. Mkulima wa Kihausa hakusubiri ndege wala satelaiti. Katika lugha yake, ardhi ya kichanga ya mwinuko huitwa jigawa, na bonde lenye maji na udongo mzito huitwa fadama. Kila moja ina mazao yake na majira yake. Jimbo la Jigawa lililoundwa mwaka 1991 limebeba jina la mchanga huo. Mkulima huyo hakujua umri wa tuta, lakini alijua vyema tabia yake.

Upepo, mvua na mtumbwi

Je, matuta hayo ni ya lini? Mchanga hauna mkaa wala mifupa ya kutosha kupimwa umri. Suluhisho lilitokana na sifa ya chembe za mchanga zenyewe. Chembe ikifukiwa gizani hukusanya nishati kidogo kidogo kutokana na mnururisho wa asili wa udongo unaoizunguka. Ikipigwa na jua, nishati hiyo hufutika. Mtafiti akichimba mchanga kutoka ndani ya tuta bila kuuonyesha mwanga, kisha akauchochea maabara, chembe hutoa mwangaza hafifu unaopimika, na kutokana nao hukokotolewa muda uliopita tangu chembe hiyo ilipoona jua mara ya mwisho.

Awali iliaminika kwamba matuta yote ni ya wakati mmoja. Mwaka 1978 mwanajiolojia Michael Sarnthein aliandika katika jarida la Nature kwamba miaka 18,000 iliyopita, dunia ilipokuwa katika kilele cha baridi ya barafu, mchanga unaohama ulitawala karibu nusu ya ardhi iliyo kati ya nyuzi 30 kaskazini na nyuzi 30 kusini, ilhali leo ni takriban sehemu moja ya kumi. Vipimo vya mwangaza vilivyofuata vimeivuruga picha hiyo nadhifu. Matuta yalijengwa, yakatulia na kuamka tena kwa nyakati tofauti, eneo kwa eneo. Lakini kiini cha hoja kimesimama: ukame mkubwa uliwahi kuzitawala nchi ambazo leo zina mvua.

Ushahidi wa ukame huo tunao hata nyumbani. Matope yaliyochimbwa chini ya Ziwa Victoria yanaonyesha tabaka la udongo wa nchi kavu. Ziwa tunalolijua kuwa kubwa kuliko yote barani lilikauka, na lilianza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita.

Kisha mvua ikarudi. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na uyumbaji huo hubadili kiasi cha jua linaloipata nusu ya kaskazini wakati wa kiangazi chake. Jua lilipozidi, pepo za mvua zilivutwa mbali zaidi ndani ya bara. Sahara ikaota majani. Ziwa Chad likapanuka kupita kilomita za mraba 300,000, karibu theluthi moja ya eneo la Tanzania. Hali hiyo ilidumu hadi takriban miaka 5,000 iliyopita. Hadi leo, upande wa mashariki wa ziwa hilo una visiwa vingi virefu vilivyopangwa sambamba. Ni vilele vya matuta ya jangwa vilivyochomoza majini, na juu yake Wabuduma wanafuga ng'ombe na kuvua samaki.

Mwaka 1987, karibu na kijiji cha Dufuna katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Yobe, mfugaji wa Kifulani alikuwa akichimba kisima. Chini ya mita kadhaa za udongo alikuta ubao mgumu. Ulikuwa mtumbwi wenye urefu wa zaidi ya mita 8 na umri wa takriban miaka 8,000, mkongwe kuliko mitumbwi yote inayojulikana barani Afrika. Nchi iliyokuwa mchanga ilikuja kuwa na maji ya kuelea mtumbwi, kisha ikawa nchi ambayo mtu huchimba chini sana kuyatafuta maji. Na aliyeufunua ukurasa huo wa historia alikuwa mfugaji, mtu yule yule anayeshitakiwa kuliharibu bara.

Hofu ya mwaka 1935

Sasa tuitazame siasa. Mwaka 1934 E. P. Stebbing, profesa wa misitu wa Edinburgh, alisafiri Afrika Magharibi wakati wa kiangazi. Aliona mchanga kandokando ya mashamba, akaona miti iliyokatwa matawi, na mwaka uliofuata akaandika kwamba Sahara inayavamia makoloni. Mkosaji hakuwa mbali: mkulima anayehamahama na mfugaji. Wakati huohuo vumbi la mashamba yaliyoharibika lilikuwa likifunika majimbo ya kati ya Marekani, na maofisa wa kikoloni kote Afrika waliingiwa na hofu.

Waingereza na Wafaransa waliunda tume ya pamoja ya misitu, iliyopita mpakani mwa Niger na Nigeria kati ya 1936 na 1937. Mwanajiolojia wake, Brynmor Jones, aliandika mwaka 1938 kwamba hakuna dalili ya mchanga kuvamia nchi. Mchanga ambao Stebbing aliudhania mgeni ulikuwa mwenyeji wa siku nyingi. Alichokiona profesa ni jangwa lililotulia chini ya shamba, akalisoma kama jangwa linalokuja.

Kosa la kusoma si dhambi. Tatizo ni kwamba masahihisho hayakusafiri kwa kasi ya hofu. Mwaka huohuo wa 1938, upande huu wa bara, serikali ya kikoloni ya Kenya iliamua kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu ili kuiokoa ardhi ya Machakos. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa. Wakamba kwa maelfu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ililegeza amri, lakini Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kama adhabu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliolinganisha Machakos ya miaka ya 1930 na ile ya 1990. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa sababu wakulima walikuwa wamejenga makinga maji, wamepanda miti na kubadili kilimo chao. Mortimore alifika Machakos akiwa ameishi miaka mingi Kano, akiwachunguza wakulima wa juu ya matuta ya kale.

Kutoka Mweka hadi Khartoum

Hofu ilirudi na ukame mkubwa wa Sahel ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1975 Hugh Lamprey alifanya safari ya ukaguzi kaskazini mwa Sudan. Jina hilo si geni kwetu: ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Wanyamapori Mweka kilipoanzishwa mwaka 1963, na baadaye aliiongoza taasisi ya utafiti ya Serengeti. Lamprey alilinganisha alichokiona na ramani ya mimea ya mwaka 1958, akahitimisha kwamba ukingo wa jangwa umesogea kusini kilomita 90 hadi 100 katika miaka 17. Gawanya, utapata kilomita tano na nusu kwa mwaka. Namba hiyo ilikuwa tamu mdomoni na ikaingia katika hotuba, ripoti na maombi ya misaada. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkubwa wa kuenea kwa jangwa jijini Nairobi.

Kasoro ilikuwa ya wazi kwa atakayeitafuta. Mstari wa mwaka 1958 ulichorwa kwa kufuata wastani wa mvua, na ule wa 1975 ulichorwa baada ya miaka ya ukame. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, akiwemo Ulf Helldén, walikwenda Kordofan katika miaka ya 1980 na hawakuikuta safari hiyo ya jangwa. Mwaka 1991 Compton Tucker wa NASA na wenzake walitumia satelaiti za hali ya hewa kufuatilia ukingo wa Sahara kuanzia 1980 hadi 1990. Ukingo huo ulikwenda kusini mvua ilipopungua na kurudi kaskazini mvua iliporejea, wakati mwingine makumi ya kilomita ndani ya mwaka mmoja.

Ziwa Chad nalo limepewa hadithi ya namna hiyo. Ni kweli kwamba lilishuka kutoka takriban kilomita za mraba 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi chini ya sehemu moja ya kumi katikati ya miaka ya 1980. Lakini tafiti za satelaiti zinaonyesha kwamba tangu miaka ya 1990 halijaendelea kupungua. Hata hivyo, katika mkutano wa Abuja wa mwaka 2018 wakuu wa nchi bado walijadili ziwa linalotoweka, na mpango wa kuyapeleka maji ya bonde la Kongo hadi Chad ukapata uhai mpya. Mto wa watu wengine unapangiwa safari kwa msingi wa picha iliyopitwa na wakati.

Waliofunga mchanga

Haitakuwa haki kumaliza bila kuwataja waliofanya kazi. Katika goz ya Kordofan, wakulima kwa vizazi vingi wamezungusha shamba na mti wa hashabu, jamii ya mgunga. Baada ya miaka michache ya uwele na ufuta, ardhi huachiwa miti, ikavunwa gundi inayotumika katika vinywaji, pipi na dawa duniani kote. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997, gundi hiyo haikuguswa, kwa kuwa viwanda vyake viliihitaji. Mti huohuo hushika mchanga usiruke. Tangu Aprili 2023 vita vimeingia katika nchi hiyo, na mkulima akifukuzwa shambani mwake, mzunguko huo wa kazi nao hukatika.

Nchini Niger, katika mikoa ya Maradi na Zinder, sheria zilizorithiwa kwa Wafaransa ziliufanya mti kuwa mali ya serikali hata ukiota shambani kwa mtu. Mkulima mwenye akili aliung'oa mche kabla mlinzi wa misitu hajauona. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 usimamizi wa sheria hizo ulilegea, na wakulima wakaanza kuchagua machipukizi ya visiki vya kale, kuyapogoa na kuyalinda. Picha za angani na za satelaiti zilizolinganishwa miaka ishirini baadaye zilionyesha takriban hekta milioni 5 zilizorudiwa na miti. Hakuna aliyeandaa sherehe ya kupanda miche. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: mti huu ni wa nani?

Linganisha na Ukuta Mkuu wa Kijani ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2007, ambao mwanzoni uliwazwa kama ukanda wa miti wenye upana wa kilomita 15 kutoka Senegal hadi Djibouti. Ukuta hujengwa dhidi ya adui anayekuja kutoka nje. Waandaaji wenyewe walilazimika baadaye kuugeuza uwe mkusanyiko wa miradi ya kutunza ardhi, kwa sababu mchanga haukuwa nje ya lango. Ulikuwa tayari chini ya nyumba.

Somo kwa anayeandika ripoti

Nisieleweke kwamba ninakana uharibifu wa mazingira. Mchanga uliolala unaweza kuamka. Pale kisima kimoja kinapowekewa mifugo ya wilaya nzima, majani huisha na tuta huanza kutembea. Mwaka 2005 David Thomas na wenzake walitumia vielelezo vya tabianchi kuonyesha kwamba matuta ya Kalahari, kutoka Afrika Kusini hadi Angola na Zambia, yanaweza kuamshwa na ongezeko la joto katika karne hii. Ni makadirio yanayojadiliwa, lakini matuta yenyewe ni ushahidi kwamba jambo hilo liliwahi kutokea. Ila tazama sababu yake: joto linalotokana zaidi na viwanda na magari ya nchi za mbali. Tutakapokuwa tumezoea kumlaumu mwenye mbuzi, hatutakuwa na sauti ya kumdai mwenye kiwanda.

Na sisi Watanzania tunayo kumbukumbu yetu. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka wakati wa kiangazi miaka ya 1990 na umeme ukakatika, wafugaji wa Usangu walitajwa kuwa chanzo, na mwaka 2006 serikali iliagiza waondolewe na mifugo yao. Watafiti waliolichunguza bonde hilo walikuwa wamekwisha kuonyesha uzito wa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji na wa namna maji ya bwawa la Mtera yalivyosimamiwa. Ng'ombe walitembezwa hadi Lindi hata hivyo.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma utakayepewa kazi ya kuandika taarifa kuhusu ardhi inayosemekana kufa, nakuomba uulize maswali matatu kabla ya kuandika mapendekezo. Mstari wa kulinganishia ulichorwa mwaka gani, na mvua ilikuwaje mwaka huo? Ardhi hii ilikuwa nini kabla ya watu unaotaka kuwalaumu? Na wao wenyewe wanaiitaje? Yule mfugaji wa Dufuna alikuwa akitafuta maji tu, lakini kisima chake kilisema kweli nyingi kuliko ripoti kadhaa zilizoandikwa juu ya watu kama yeye.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyofuata na swali jipya. Alitaka kujua ni nani aliyefaidika na ile namba ya kilomita tano na nusu. Nilimwambia aandike tasnifu yake juu ya swali hilo.